Povu la Mama Eufrazia

"Mama Eufrazia, hebu niambie bila kunificha, hivi wewe povu unalipata wapi?"

Aliyeuliza ni jirani yake, Mama Chiku, Jumamosi moja asubuhi, viwiko vyake vimeegemea ukuta mfupi unaotenga nyua zao mbili. Pengine huko kwenu swali kama hilo huulizwa huku mtu anapembua mchele, likajibiwa, likasahauliwa. Katika nchi ya Hewala lilitosha kumpeleka mtu mbele ya tume.

Hewala ni nchi iliyobarikiwa. Wenyewe husema hivyo taarifa ya habari ikianza, na husema hivyo tena ikiisha, na sisi ni nani hata tuwabishie? Ina bendera mbili, ya siku zote na ya sikukuu. Ina mawaziri arobaini, na kila waziri ana manaibu wawili, mmoja wa kumshikia mwavuli na mwingine wa kumwitikia. Na chini ya ardhi yake umelala mwamba mweupe wa chokaa. Maji hupenya humo polepole kabla ya kufika visimani na kwenye mabomba, na kila yanapopita hubeba kidogo cha mwamba, kama mgeni asiyetaka kuondoka mikono mitupu.

Ndiyo maana mwanamke wa Hewala akishika sabuni akasugua, akasugua hata bega likamlegea, alichopata ni utando wa kijivu ukielea juu ya beseni kama maziwa yaliyokatika. Birika likitumika mwaka mmoja lilikuwa zito kama mja mzito, ndani ukoko mweupe unene wa kidole. Maharage yalibandikwa watu wakitoka misa ya kwanza, na waliorudi ibada ya jioni waliyakuta yanawakodolea macho vilevile. Nguo nyeupe ikifuliwa mara tatu ilipata rangi ambayo watu waliiita rangi ya serikali, kwa kuwa si nyeupe, si nyeusi, na hakuna anayejua ilifikaje pale.

Hayo yote, lakini, yalikuwa kabla ya sheria.

Sheria ilikuja hivi. Baba wa Hewala, ndivyo anavyoitwa kiongozi wao, maana jina lake la kuzaliwa limeshapewa uwanja wa ndege na si vizuri kulichosha, alikwenda ng'ambo kung'olewa jino. Hotelini akaingia kuoga. Povu likapanda, likafika kifuani, likafika masikioni, naye akakaa humo hadi wapambe wakaanza kunong'onezana kuhusu mrithi. Aliporudi nyumbani, kabla hata ngoma za mapokezi hazijaanza, alimgeukia Waziri wa Maji na Uridhiko akamwuliza, "Kwa nini mimi kwetu sina povu?"

Waziri huyo, Mheshimiwa Anatoli Sikudhani, alikuwa mtu wa vitendo. Hakwenda visimani, kwa sababu visimani kuna tope. Alikwenda bungeni. Kwa siku tatu tu ikapita Sheria ya Ulaini wa Maji, kifungu cha kwanza kikisema: Maji yote ya Hewala ni laini. Kifungu cha pili kikasema: Atakayeona vinginevyo atakuwa ameona vibaya. Wabunge wote waligonga meza kuunga mkono, na mmoja aliyekuwa amesinzia akagongewa na jirani yake. Nakala zikapelekwa mikoani, wilayani, shuleni na magerezani. Maji peke yake ndiyo hayakupelekewa nakala, na wataalamu wanaamini ndiyo sababu yakaendelea na mwenendo wake wa zamani.

Basi mambo yakanyooka. Katika vitabu vya shule ukurasa unaohusu maji magumu ulikatwa kwa wembe, kitabu baada ya kitabu. Waganga wakaagizwa kwamba mgonjwa akilalamika ngozi inamwasha baada ya kuoga, waandike amepata msisimko. Na kila Jumatano ikawa Siku ya Povu. Maafisa Povu walipita nyumba kwa nyumba na rula mkononi, wakitaka kila kaya ioneshe povu la taifa ndani ya beseni.

Watu wa Hewala ni watiifu. Waliokuwa na kuku walipiga ute wa mayai. Waliokuwa na bustani walipekecha bamia. Mzee mmoja alionesha povu la pombe, akapewa cheti cha kaya bora, na tangu siku hiyo majirani walimwomba ruhusa ya kwenda kuoga kwake. Maafisa walipima, wakaandika, wakaondoka. Wizara ikatangaza kwamba povu limeongezeka maradufu. Mayai yakaadimika sokoni, jambo ambalo Wizara ya Mifugo ililieleza kuwa ni uchovu wa kuku.

Katika nchi nzima, mtu mmoja tu alikuwa na povu la sabuni.

Eufrazia alikuwa mjane wa Bonaventura, fundi bati. Alisoma hadi darasa la saba na akaishia hapo, ila alisoma miaka ile ukurasa ulipokuwa bado kitabuni, na kitu kikishaingia kichwani mwake hakuna wembe wa kukikata. Alisali asubuhi, alisali mchana kengele ikilia, na katikati ya sala mbili alifua. Alifua vitambaa vya altare vya parokia, akavipeleka kanisani kila Jumatano, siku ambayo Afisa Povu alikuta mlango wake umefungwa. Alifua sare za shule, nepi za watoto wachanga na mashati ya wenye kola. Hakuwa na shamba wala mtoto wa kumtegemea. Alikuwa na mikono miwili na pipa.

Pipa lenyewe lilikuwa la bati, kimo cha mtu na nusu. Marehemu alililehemu mwaka wa mwisho wa uhai wake, huku akikohoa, akaunga na mfereji wa bati ukingoni mwa paa ili mvua isipotee bure. "Mimi nikiondoka," alimwambia mkewe, "hili litakufulia." Na kweli lilimfulia. Kiangazi kikizidi na pipa likipungua, Mama Eufrazia alichota maji ya bomba, akatia konzi ya magadi kwa kila ndoo, akakoroga, akayaacha yatulie hadi kesho yake. Weupe wote ukizama chini, aliyachuja kwa kitambaa cha pamba cha marekani. Hayo hakuyafanya kwa siri. Alifanya uani, mchana kweupe, huku akiimba nyimbo za Bikira Maria.

Kwa hiyo Mama Chiku alipouliza, alijibiwa.

"Linatoka juu, mwenzangu. Mungu analishusha, mimi nalikinga."

"Wee! Na bomba je?"

"Bomba nalishukuru. Linanipa maji ya kutulizia vumbi."

Mama Chiku akacheka hadi akashika ukuta. Hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Mdomo wake ulikuwa na mlango kama midomo mingine, ila komeo ndilo lilisahauliwa. Mwanawe wa mwisho alikuwa amechubuka mapaja kwa sababu nepi zake, kila zikifuliwa kwa maji ya bomba, zilikauka zikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Mama Eufrazia akamwambia azilete. Akazifua, akamrudishia nyeupe, laini, zinanukia jua. Na Jumatano iliyofuata Afisa Povu alipofika kwa Mama Chiku akaona nepi zile kwenye kamba, akauliza kulikoni. Mama wa watu akajivuna: "Hizo kanifulia jirani yangu. Yeye povu lake, afisa, ni la mbinguni!"

Afisa akafunga daftari taratibu, kama mtu aliyeona nyoka.

*

Kesho yake, Alhamisi, akafika. Jina lake Gervas. Alikuwa kijana wa miaka arobaini, kwa sababu huko Hewala mtu huitwa kijana hadi apate cheo. Alivaa koti la khaki, na rula imechomoza mfukoni.

"Hodi hapa."

"Karibu baba, karibu kiti."

"Sikuja kukaa, mama. Nimekuja kupima."

Mama Eufrazia akachota maji pipani, akakaa kwenye kigoda chake, akashika mche wa sabuni akasugua mara nne. Povu likainuka. Likajaa beseni, likavuka ukingo, likasimama jeupe, linametameta rangi zote za upinde wa mvua. Gervas akarudi hatua mbili nyuma. Miaka mitatu alikuwa Afisa Povu, amehudhuria semina mbili, lakini povu la sabuni alikuwa ameliona kwenye picha tu.

Akajikaza, akachomeka rula.

"Sentimita kumi na mbili!" Akapima tena. "Mama, unajua kiwango cha raia ni ngapi?"

"Sijui, baba."

"Sita. Kumi ni za mkuu wa wilaya. Kumi na mbili ni povu la waziri kamili!"

"Basi lipulize kidogo, lishuke cheo."

"Mama, usimtanie mtumishi wa umma."

"Sijakutania, mwanangu. Mimi nafua."

Akatoa fomu. "Chanzo cha povu?"

"Mvua."

"Mvua nani? Taja na jina la baba."

Mama Eufrazia alimtazama vizuri kuona kama anatania, akaona hatanii. Akanyoosha kidole juu. Gervas akatazama juu, akaona mawingu mawili matatu, akaandika: Mtuhumiwa amekataa kutaja washirika wake.

Kisha akamsomea kosa lake: kumiliki povu linalozidi cheo, kwa kutumia maji yasiyotambuliwa. Kesi ingesikilizwa na tume, Ijumaa ya wiki inayofuata. Akipatikana na hatia, pipa litalazwa barabarani na kupitiwa na gari la kushindilia, na yeye atazuiwa kumfulia mtu yeyote mpaka siku atakayofuliwa sanda. Kwa maneno mengine, alimaliza Gervas kwa upole, asiwe na wasiwasi.

Watu sita wakaja na lori kulichukua pipa. Mvua za kwanza za masika zilikuwa zimenyesha juzijuzi, na pipa limejaa pomoni. Mwenye akili angefungua koki kwanza. Lakini amri ilisema kielelezo kikamatwe kama kilivyo, wakalisukuma kama lilivyo, wakalitelezesha juu ya mbao, na mmoja wao akavunjika kidole cha mguu kwa ajili ya taifa. Lori likaondoka. Kila shimo la barabara likadai sehemu yake, na barabara za Hewala hazina uchoyo wa mashimo. Maji yakaruka huku, yakaruka kule. Wanawake wakatoka na mabeseni, na mtaa ule wote wiki hiyo ulianika nguo nyeupe pe.

Mama Eufrazia alilifuata pipa lake kwa miguu, rozari mkononi, jicho likiwa wazi. Alilikuta katika ua wa nyuma wa Wizara. Halikuwa na tone. Na hapo, kwenye uzio, akamwona Gervas akikuna kichwa mbele ya kibao cha taratibu, ambacho kilisema kielelezo lazima kikabidhiwe kikiwa katika hali kilimokamatwa. Kilikamatwa kimejaa. Gervas akafikiri, akafikiri tena. Halafu akavuta mpira wa maji kutoka bomba la Wizara, akautumbukiza ndani, akawasha sigara akisubiri lijae.

"Maji ni maji," alimwambia mlinzi, na kwa mujibu wa kifungu cha kwanza hakukosea.

Mama Eufrazia aliona yote. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alifanya ishara ya msalaba akarudi nyumbani. Wiki ile yote uani kwake hakukuwa na kamba iliyoanikwa nguo, na Paroko alipotuma mtu kuuliza kuhusu vitambaa vya Pasaka, alijibu, "Mwambie Padre aniombee."

*

Ijumaa ukumbi wa Wizara ulijaa. Ukutani Baba wa Hewala alitabasamu ndani ya fremu, na kwa kuwa kioo chake kilifutwa kila siku kwa maji ya bomba, alionekana kama anatabasamu kutoka ndani ya ukungu. Pipa lilisimamishwa nje, kando ya ngazi, karibu na mlango wa ukumbi, na nyuma yake gari la kushindilia linanguruma kidogokidogo lisije likapoa. Redio ya Taifa ilitega kipaza sauti. Wajumbe saba waliketi kwa safu, katikati yao Mwenyekiti, ambaye si mwingine ila Mheshimiwa Sikudhani mwenyewe. Ili kuepuka upendeleo, aliyetunga sheria ndiye aliyekabidhiwa kuhukumu.

Kwanza ililetwa chai. Katika kila kikombe vilielea vigamba vyeupe kutoka kwenye birika. Kila mjumbe akavipuliza pembeni, akanywa haraka kabla havijarudi. Kisha Mwenyekiti akasimama.

"Ndugu wananchi," akaanza, "wageni waalikwa, viongozi wa dini, na wewe mtuhumiwa! Taifa ni nini? Taifa ni povu! Povu ni wengi walioshikana wakawa kitu kimoja, wakainuka! Sasa mtu mmoja anapojitenga, akajitafutia povu lake binafsi uani kwake, nyuma ya nyumba, je, huyo anafua, au anatuchafua?"

Makofi yakapigwa. Mjumbe wa kushoto kabisa alilia machozi. Alikuwa na ahadi ya ubalozi.

"Mtuhumiwa simama. Umesoma?"

"La saba, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana. Sasa kwa faida ya tume, wataje wote uliowafulia kwa povu hilo haramu. Mmoja mmoja. Usimfiche mtu."

"Nianze na wa mbali au wa karibu?"

"Anza popote! Sheria haina karibu wala mbali!"

"Haya. Shati hilo ulilovaa nililifua Jumanne ya wiki ile, kabla hawajachukua pipa. Lililetwa na msichana wa nyumbani kwako, kaniambia mama mwenye nyumba anasema lisipite bombani. Kola ilikuwa imechanika kidogo kwa ndani, nikaishona kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe uliniishia. Naomba radhi kwa uzi."

Ukumbi ukashikwa na kikohozi. Wajumbe wengine sita, kwa pamoja, wakapandisha mikono kushika kola zao. Mheshimiwa Sikudhani akaigonga meza.

"Karani! Futa hayo!"

"Nifute kuanzia wapi, Mheshimiwa?"

"Futa mpaka kwenye salamu! Na wewe mama, inatosha, wateja hawahusiki! Kinachohusika hapa ni maji. Leteni kielelezo!"

Beseni la maji likachotwa kutoka kwenye pipa likawekwa mezani, na kando yake mche wa sabuni mpya. Mwenyekiti akakunja mikono ya shati. "Wananchi wataona wenyewe," alisema kwenye kipaza sauti, "kiburi cha maji yasiyosajiliwa." Akasugua.

Akasugua tena. Utando wa kijivu ukaja juu, ukaelea.

"Mheshimiwa, labda sabuni hujaikamata vizuri," akanong'ona mjumbe wa kulia. Akapewa yeye. Akasugua hadi miwani ikamdondoka. Beseni likazunguka meza nzima, kwa kuwa ushahidi wa pamoja una nguvu kuliko wa mmoja. Wote saba wakasugua, wote saba wakabaki na viganja vilivyogandwa na kitu kama uji uliolala. Povu hata la kumwoshea mchwa halikutoka.

"Niandike nini?" aliuliza karani.

"Andika..." Mwenyekiti alitazama viganja vyake. "Andika kielelezo kimekataa kutoa ushirikiano. Afisa Gervas! Haya ni maji ya huyu mama?"

Gervas akasimama. Hapo alipokuwa palikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa na mbwa. Akisema ni maji ya mama, basi mama hana povu na kesi haipo. Akisema ni ya bomba, basi bomba la Wizara, Wizara yenyewe, halitoi povu, na aliyesema hivyo ameona vibaya kwa mujibu wa kifungu cha pili.

"Ni maji, Mheshimiwa," alisema hatimaye. "Nathibitisha ni maji."

"Mtuhumiwa! Haya ni maji yako?"

"Pipa ni langu," alijibu Mama Eufrazia. "Maji si yangu. Yangu yalimwagika barabarani. Hayo aliyatia huyu baba kwa mpira, pale ua wa nyuma, bomba la kwenye ukuta wa kijani. Alikuwa anavuta sigara."

Hata gari la kushindilia nje lilionekana kusikiliza. Kisha mtu mmoja nyuma kabisa akacheka, akageuza kicheko kikawa chafya, akatolewa nje pamoja na chafya yake.

Wajumbe wakasogeza vichwa pamoja. Walinong'ona kwa muda wa kusali mafumbo matano ya rozari. Mama Eufrazia anajua, maana aliyasali. Vichwa vilipoachana, Mheshimiwa Sikudhani alikuwa mtu mwingine. Uso wake ulikuwa umejaa upendo.

"Mama yangu!" alisema. "Mama yetu! Tume imegundua jambo kubwa. Afisa wetu alipima kwako sentimita kumi na mbili. Hilo liko kwenye fomu, na fomu haidanganyi. Sasa, kama maji yote ya Hewala ni laini, na wewe uko Hewala, povu lako lilitoka wapi? Bombani! Wewe si mhalifu, mama. Wewe ndiye ushahidi! Kuanzia leo wewe ni Mfuaji Mkuu wa Taifa. Utakuwa na kofia. Pipa lako litarudi kwako saa hii hii, kwa lori, na bendi."

"Bendi ya nini, baba?"

"Ya tarumbeta! Kuna kitu kidogo tu." Karani akamsogezea karatasi na kalamu, na mtu wa redio akamletea kipaza sauti karibu na mdomo. "Usome hapo, uweke sahihi. Sentensi moja. Maneno manne."

Mama Eufrazia hakuwa msomaji wa haraka, ila hakuwahi kuweka sahihi mahali ambapo jicho lake halijapita. Akavaa miwani. Karatasi ilisema: Povu langu hutoka bombani.

Ni maneno manne kweli, aliwaza. Aliyahesabu.

Kupitia mlangoni alikuwa analiona pipa. Aliona hata ile alama ya lehemu iliyopinda, mahali ambapo kikohozi kilimkamata marehemu mkono ukiwa kazini. Pasaka ilikuwa wiki tatu mbele. Akisoma maneno manne, kesho anafua. Asiposoma, kesho pipa litakuwa zulia la bati, na yeye mjane wa mikono miwili isiyo na pa kuchovya. Akamkumbuka Petro akiota moto uani kwa kuhani, usiku ule alipomkana Bwana wake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwonea huruma. Siku zote alikuwa anadhani Petro alikuwa mwoga tu, kumbe palikuwa na baridi.

"Nina swali, Mheshimiwa."

"Uliza, Mfuaji Mkuu, uliza!"

"Nikisema hivi redioni, wanawake wote watasikia."

"Nchi nzima!"

"Na wale wanaofungua bomba na povu hawapati? Nina jirani yangu ana mtoto mchanga, kachubuka mapaja. Huyo ataambiwaje?"

Mheshimiwa Sikudhani alitabasamu, maana swali lilikuwa jepesi na jibu lilikuwa tayari. Zamani sana aliliandaa.

"Huyo, mama, ataambiwa ukweli. Kwamba hasugui. Bomba ni lile lile, sabuni ni ile ile, wewe umepata na yeye hajapata. Ni uvivu! Tutakuwa na kampeni. Tutapita nyumba kwa nyumba tukiwaonesha picha yako. Asiyepata povu atajieleza." Akainama karibu, akashusha sauti. "Haya, soma basi. Pipa lako hilo linakungojea."

Mama Eufrazia akaitazama karatasi mara ya pili, taratibu, kila neno. Kisha akainua macho akawatazama wao. Wote saba walikuwa wamekaa mikono mbele, vidole vimetanuliwa, wameiweka mbali na suti zao kama watu walioelekezewa bunduki. Ule uji wa kijivu ulikuwa umeanza kukauka viganjani na kupasuka. Mmoja alijaribu kuuparua kwa kucha. Mwingine aliuchovya mkono kwenye beseni, akautoa mbaya zaidi. Ndani ya Wizara nzima ya Maji hapakuwa na maji ya kuwatoa uchafu ule.

Akavua miwani, akaifunga. Akaiweka kalamu juu ya karatasi, sambamba na ukingo, kama anavyoweka kitambaa kilichopigwa pasi.

"Mama?" alisema Mheshimiwa Sikudhani. "Mama, kipaza sauti kiko wazi, nchi inasikiliza. Mfuaji Mkuu! Na nyumba tutakupa! Mama, sema chochote!"

Mama Eufrazia akajifunga khanga yake kiunoni vizuri, akapita katikati ya ukumbi, akashuka ngazi, akapita kando ya pipa bila kupunguza mwendo, akapita mbele ya gari la kushindilia ambalo dereva wake alijikuta amelizima bila kuamriwa, akatoka langoni, na hakusema neno.